Nilisema "Imekuja Hivyo"

Ni Ijumaa usiku, watoto wamelala, na bado naisikia sauti yangu ya Jumatatu. Maneno mawili tu. Imekuja hivyo.

Mzee, aliyenifundisha ufundi wa bunduki, alipita karakanani saa nne asubuhi kama kawaida yake akitoka kliniki ya presha. Nikampa shikamoo, nikammiminia chai isiyo sukari. Mezani palikuwa na ile bunduki ya .375 ya mteja wa Usa River, imelala chali kwenye jiliwa, haina risasi, tumbo juu. Mzee hajawahi kupita mbele ya bunduki bila kuigusa. Akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya skrubu ya mbele ya kinga ya triga. Ukucha ukakwama.

"Nani kaitafuna hii?"

"Imekuja hivyo, Mzee."

"Haya, binti yangu."

Akapuliza chai yake. Akaulizia mvua za Kondoa, nikamjibu, akaondoka. Tangu siku hiyo wifi amejifungua mapacha Singida na mwenye nyumba ametuletea mkataba mpya, lakini mimi niko palepale, kwenye ile "haya".

Aliyeitafuna ni mimi. Nilifanya hivyo dakika arobaini kabla hajaingia.

Bisibisi zangu za kazi mnazijua, zile saba za ukutani alizonisagia yeye mwenyewe mwaka niliopata leseni. Ya Mauser, aina ya bunduki hii, ni ya tatu kutoka kushoto. Siku hiyo haikuwepo, niliisahau kwenye begi nyumbani. Msimu wa uwindaji unafunguliwa tarehe 1 Julai na bunduki nne zilikuwa zinanisubiri, basi nikachukua bisibisi bapa ya kwenye boksi la pikipiki ya Baba Eliya. Upana wake ulikuwa sawasawa, kwa hiyo nikajiambia inatosha.

Haitoshi, na hili ndilo jambo la kwanza alilonifundisha. Bisibisi ya dukani ncha yake ni kabari: juu nene, chini nyembamba. Mfereji wa kichwa cha skrubu ya bunduki kuta zake zimesimama wima. Ukiingiza kabari humo, inagusa kingo za juu peke yake, chini kote ni hewa. Ukizungusha kwa nguvu inapanda, inaruka, na inaondoka na kingo. Ya kazi husagwa ncha yake pande zote mbili mpaka ziwe sambamba, ijaze mfereji hadi sakafuni, na upana wake uwe sawa na kichwa, isizidi, maana ikizidi itachora chuma cha pembeni. Na kabla ya yote unachokonoa uchafu kwa sindano. Mfereji wenye vumbi na mafuta yaliyoganda unakudanganya kina chake.

Nayajua haya yote. Nimemfundisha kijana wangu wa karakana haya yote. Iliporuka nilisikia kile kisauti, kama jino linagonga kijiko.

Skrubu yenyewe huwezi kuikimbilia dukani. Hesi ya Mauser 98 ni ya robo inchi, meno 22 kwa kila inchi. Maduka yetu yana milimita sita, na za robo inchi wanazo za meno 20 na 28. Ukiiua, unaagiza nje na kungoja, na mwenye bunduki anaingia porini baada ya wiki mbili. Skrubu hiyo na mwenzake wa nyuma ndizo zinazokishika chuma cha bunduki ndani ya mti wake. Zikilegea, kila mshindo unakisogeza kidogo, na risasi inaanza kutangatanga. Yule mtu anasimama mbele ya nyati na bunduki hii.

Usiku wa Jumatatu ndipo nilipokumbuka kitu kilichonikalisha kitandani. Jeraha la zamani kwenye skrubu ni jeusi, limeshakunywa mafuta na kutu. Langu lilikuwa jipya, linang'aa kama fedha. Mzee ameshika vyuma hivi miaka hamsini. Aliliona. Aliuliza akijua, na akanisubiri niseme.

Jumanne sikuigusa kwa bisibisi. Niliipa mafuta ya kupenya ikalala nayo. Jumatano nikakiweka chuma cha kulehemu, cha moto, juu ya kichwa chake kwa dakika kadhaa, nikaiacha ipoe. Kisha nikafunga ncha yenye saizi yake kwenye mashine ya kutobolea ya mezani, nikachomoa waya wa umeme kabisa, nikashusha ncha mpaka ikakaa mferejini. Mkono wa kushoto ukabana mpini chini, wa kulia ukazungusha kichwa cha mashine taratibu. Ncha haina njia ya kupanda hapo. Ikalia mara moja, ikaachia. Nilimwita kijana aje aone.

Sasa niseme nilichokipenda. Ukiitazama kwa lenzi, chuma hakijapotea. Kimesukumwa tu, kimesimama juu ya ukingo kama udongo kando ya tuta. Kwa hiyo hukipigi tupa haraka, unakirudisha. Nikaifunga skrubu wima, hesi zake nimezivisha bati la kopo la soda, nikachukua nyundo ndogo yenye uso uliosuguliwa, nikagonga kidogokidogo kuelekea mferejini. Kama saa nzima. Kingo zikarudi, mfereji ukawa umebanwa, nikaunyoosha kwa tupa nyembamba. Nikaizungusha kwenye drili juu ya msasa laini, nikaiweka juu ya bamba la shaba kwenye jiko la gesi. Rangi zilikuja kwa zamu: manjano ya ganda la hindi kavu, kahawia, zambarau, halafu ghafla buluu, kwenye nyuzijoto kama 300. Hapo ndipo unaitumbukiza kwenye mafuta, hakuna kusubiri. Nilipoitoa nilicheka peke yangu.

Mwenye bunduki nilimweleza jana, neno kwa neno. Akapitisha kidole, hakuona kitu, akalipa. Mkwaruzo mdogo kwenye kinga ya triga nimemwonyesha pia, huo umebaki.

Leo mchana nikampigia Mzee.

"Mzee, ile skrubu ni mimi."

"Ulitumia nyundo gani?"

"Ile ndogo ya mpini wa mkwaju."

"Ulianzia ukingo upi?"

Tukazungumza karibu nusu saa, kingo, moto, rangi. Juu ya Jumatatu hakusema chochote, hata nilipokaribia kumwomba radhi alinikatiza akauliza mafuta yalikuwa ya aina gani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nadhani ilikuwa ya kawaida.

Simu ya mama haipatikani tangu jana asubuhi. Jirani yake anasema umeme Kondoa upo. Kesho nikiamka nitampigia tena, asipopokea nitamwomba kaka apande basi la saa kumi na mbili.