Kwa kimo cha nani

Ijumaa usiku.

Tangu Jumanne nalisikia neno langu mwenyewe. Nimelala nalo, nimeamka nalo, asubuhi nimepanda nalo gari la wafanyakazi kwenda Mtumba na jioni nimerudi nalo Nkuhungu. Acha niliandike, huenda likanipa nafasi.

Fundi seremala alikuja jioni ile kumalizia meza ya kazi ya kule bandani, kwenye gereji yetu. Mbao mnazijua, zile paini za Mafinga nilizozilaza darini tangu Pasaka zikauke, zisije zikajikunja. Akatoa futikamba, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akauliza, "Kwa kimo cha nani, mzee?" Kitindamimba wetu ndiye aliyeshika ncha ya futikamba pale sakafuni, amechuchumaa, penseli kaichomeka sikioni kama alivyomwona fundi. Nikajibu bila hata kugeuka, "Changu. Nani mwingine?"

Ni hayo tu. Hakuna aliyepandisha sauti. Ila ile ncha iliachiwa, futi ikarudi mbio kwenye kasha lake na kumchapa fundi kidoleni. Mtoto akasema, "Samahani, fundi," akainuka, akajipangusa magoti, akaenda kumsaidia mama yake kuchambua mlenda. Penseli akaiacha juu ya kopo la rangi. Mpaka leo iko pale pale, na hajatia mguu bandani tena.

Nimelirudia neno lile kwa upole nikiwa naoga, nimelirudia kwa kucheka, kama vile ningekuwa namtania. Kila ninavyoligeuza linaangukia pale pale. Changu. Nani mwingine?

Nani mwingine, wakati ubao wa zana ni kazi ya mikono yake! Tulipaka plaiwudi rangi nyeupe, akazilaza spana zote juu yake, moja baada ya nyingine, akazichora kuzizunguka kwa kalamu ya wino mzito. Jioni ukimaliza kazi, umbo lililobaki tupu linakuambia kipi hakijarudi. Kushoto za inchi, kulia za milimita, kwa sababu Land Rover yangu, 109 ya Series III, nati zake nyingi ni za inchi, na Peugeot 504 ya jirani ni ya milimita. Ni yeye aliyegundua kwamba spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi. Inaingia, ndiyo, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo inacheza kidogo. Nati ikiwa laini itakufungulia vizuri. Siku ikikaza, spana inakula pembe zote na nati inabaki mviringo. Nilipomweleza hakuridhika, akachukua venia, kile kipimo cha milimita ndogondogo, akapima mwenyewe. Kisha akaenda kuchukua rangi ya kucha ya dada yake, nyekundu, akazitia alama za inchi zote ili mtu asikosee hata gizani.

Na shimo je? Jirani alikuwa ameshikilia kwamba gereji bila shimo la kuingia chini ya gari si gereji. Tumebishana wiki mbili, hadi mtoto huyu, darasa la sita, alipouliza mvuke wa petroli unapanda au unashuka. Unashuka. Ni mzito kuliko hewa, unatuama shimoni kama maji kisimani, na cheche moja ya grenda inatosha. Jirani alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Haya, tusichimbe." Badala yake tukanunua stendi nne imara za kushikilia gari likiinuliwa, na fedha za shimo zikaingia sakafuni: zege la sentimita 15, saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, tukalimwagilia siku 7. Aliyekuwa akimwagilia kabla ya kwenda shule mnamjua.

Banda lenyewe limetulia. Mlango tumeuelekeza magharibi, maana upepo wa kiangazi huku hutoka mashariki na hubeba vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sahani kabatini. Injini iliyofunguliwa ikipata vumbi lile, pistoni zinasagwa kama kwa msasa. Fundi umeme naye kafukia waya wa athi pamoja na chumvi na mkaa, akasisitiza tupamwagilie kiangazi chote, kwa kuwa udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Wiki hii tumemaliza pia kuhamia jengo jipya la ofisi, na dada wa Singida kajifungua mapacha, mama na watoto wazima, Mungu ashukuriwe. Lakini mimi nikikaa kimya dakika mbili naiona tu ile futikamba ikirudi kwenye kasha.

Jumamosi, saa tatu usiku.

Jana usingizi ulinichukua hapo.

Asubuhi nilimuuliza mama watoto kama mtoto kamwambia lolote. Akasema, "Muulize mwenyewe, kinywa unacho." Nikamfuata bombani, anafua sare zake. Nikachuchumaa.

"Mwanangu, neno nililolisema Jumanne halikuwa zuri. Nisamehe."

Akaendelea kusugua kola. "Neno gani, Baba?"

"La kimo."

"Aa." Akasuuza shati, akalikamua, akalitundika kwenye kamba, akalinyoosha mikono yote miwili. Ndipo akasema, mgongo kanipa, "Mimi nilijua lile banda ni letu."

Sikumjibu haraka, kwa sababu sauti yangu isingetoka sawa. Nikaenda kuchukua futikamba. Nikamwambia asimame wima, akunje mkono. Kanuni ya mafundi ni kwamba kichwa cha vaisi, kile kibano cha chuma kinachofungwa juu ya meza, kikae usawa wa kiwiko cha anayefanya kazi, ili mgongo usiinamie kazi na mabega yasipande unapopiga tupa. Kiwiko changu kiko sentimita 110 kutoka chini. Ukitoa vaisi ya 15, meza ni 95. Chake kikatoka 87. Nikamwambia Jumatatu fundi atamtengenezea yake ya 72, pale dirishani kwenye mwanga.

Akaitazama ile futi kwa muda. "Kwa kimo changu cha sasa au cha mwakani?"

Nilifurahi mpaka nikamshika bega. Alama zake kwenye fremu ya mlango wa jikoni zinaonyesha ameongezeka sentimita 6 tangu Krismasi. Meza ya 72 isingemaliza miezi mingi.

Basi mchana tukaenda wote kwa fundi wa kuchomelea karibu na Sabasaba. Miguu itakuwa ya bomba la mraba ndani ya bomba kubwa kidogo, na matundu kila sentimita 5 ya kupitisha bolti ya nusu inchi. Akirefuka, tunavuta, tunahamisha bolti. Fundi alitaka kutoboa kwa kukadiria. Mtoto akamwomba chaki, akaweka alama mwenyewe kwenye kila mguu, 72, 77, 82, 87, 92. "Matano yanatosha," akamwambia. "Nikizidi hapo natumia ya Baba." Jioni mguu wa kwanza ulikuwa tayari kuujaribu. Akaibana bolti kwa spana ya alama nyekundu, akasukuma, akasukuma tena, haukucheza. Penseli imetoka kwenye kopo la rangi.

Ningependa niishie hapo, ila bi mkubwa kapiga simu kutoka Bahi saa moja hii. Kuku wawili wamekufa tangu asubuhi, wa tatu kajikunyata, shingo imepinda, anatoa kinyesi cha kijani. Kwa dalili hizo nahofia ni kideri. Chanjo inatakiwa kila miezi 3, nasi tulichanja mara ya mwisho kabla ya Pasaka. Ulikuwa wajibu wangu na ulinipita. Aliyekwisha kuugua chanjo haimsaidii, lakini kuna wengine 14 wanaokula vizuri. Nimemwomba awatenge kwenye lile zizi la zamani la mbuzi, na asiwaguse kabla ya kunawa. Sijui kama duka la dawa za mifugo litakuwa wazi kesho Jumapili, na dawa yenyewe lazima isafiri kwenye ubaridi. Nimeweka chupa mbili za maji kwenye friza ili alfajiri niwe na barafu.