Jumatano Niliyohamisha Cherehani: Siku Yangu Moja ya Mei 2020

Niliamka saa tisa na nusu usiku kula daku pamoja na mama yangu, nyumbani kwetu Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ilikuwa Jumatano, tarehe 6 Mei 2020, katika Ramadhani ambayo sitaisahau kwa ukimya wake. Miaka mingine tungeamshwa na vijana wapitao vichochoroni wakipiga ngoma za daku, lakini kafyu ya korona iliyoanza tarehe 27 Machi ilimkataza kila mtu kutoka nje baina ya saa moja usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo tuliamshwa na simu. Misikiti nayo ilikuwa imefungwa tangu Machi. Adhana ilipolia tuliswali sebuleni, mama akiwa nyuma yangu, kama tulivyokuwa tukiswali tarawehe.

Saa mbili kasorobo asubuhi nilishika njia ya Mwembe Tayari, nilikopanga chumba cha ushonaji. Nilikwenda kwa miguu, maana matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, na nauli ilikuwa imepanda. Aliyezoea Mwembe Tayari anajua kelele za wapiga debe wa mabasi ya Nairobi. Tangu jioni ya tarehe 8 Aprili hapakuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka Mombasa, na mahali palipokuwa pakitajwa miji usiku na mchana pakawa panasikika kunguru.

Nilimkuta kijana wangu wa kazi, mkaazi wa Likoni ng'ambo ya kivuko, amekwisha kuujaza maji mtungi wa bomba mlangoni na kuweka sabuni. Wateja walinawa, wakasimama nje mmojammoja, na wengi wao wakalipa kwa M-Pesa, kwa kuwa ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ilikuwa imeondolewa tangu Machi. Naamini jambo hilo lilitufaa sana sisi wenye biashara ndogo: hata kina mama waliozoea kufunga pesa kwenye pindo la leso, yaani kanga, walijifunza.

Mimi ni fundi wa kanzu. Ramadhani ndiyo msimu wetu, na kwa kawaida ifikapo kumi la pili huwa nakataa kazi mpya, kwa sababu kutarizi kaba ya shingoni hakuharakishwi. Mwaka huo nilikuwa na kanzu 9 tu, zote zimekatwa na hazijashonwa, kwani watu hawakujua kama kungekuwa na swala ya Idi ya kuvalia. Nilichoshona kutwa ni barakoa. Sheria ilimtaka kila aliye nje azivae, na faini ilikuwa inaweza kufika shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, kiasi ambacho wengi wa majirani zangu hawajapata kukishika kwa mkupuo mmoja.

Lastiki ilikuwa adimu, kwa hiyo nilitumia kamba za kitambaa. Kwa upande wa nje niliona leso inafaa, kwa kuwa ni pamba, ina rangi, na kila nyumba inayo. Leso moja ilinipa barakoa 16, zenye mikunjo mitatu na bafta nyeupe kwa ndani. Tatizo lilikuwa jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya leso. Ukikata leso bila kuangalia, maneno yake hupasuka vipande vipande, na mteja akajikuta amevaa mdomoni nusu ya neno isiyo na maana, au yenye maana asiyoikusudia. Mimi nilijifunza kukata kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya leso, na kwenye pindo, nikiliacha jina likiwa utepe mzima.

Saa tano hivi alikuja bibi mmoja wa Majengo na leso yake iliyofifia, akitaka barakoa kwa wajukuu zake. Nilipoitandaza mezani aliweka kiganja juu ya maandishi.

“Mwanangu, hapa usipitishe mkasi. Leso hii nilipewa na marehemu.”

“Sitaligusa jina, bibi. Nitakurudishia kama lilivyo.”

Alisimama kwa umbali wake, akatazama mpaka nilipomaliza kukata, kisha akaenda zake akiahidi kurudi kesho yake.

Baada ya adhuhuri kazi iliendelea vivyo hivyo. Alasiri redio ya jirani ilileta taarifa ya Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe: kuanzia saa moja jioni hiyo hiyo, Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa zingefungwa kwa siku 15, asiingie mtu wala asitoke. Mkono wangu ulisimama juu ya gurudumu la cherehani. Nyumba yangu ilikuwa ndani ya mpaka, chumba changu cha kazi kilikuwa nje, na kijana wangu alikuwa na feri ya kuvuka kabla ya kafyu.

“Maalim, nitafungua mimi,” akasema.

“Funguo chukua. Barakoa za bibi hizi hapa, kesho mpe mkononi, na usimdai kitu.”

Nilimhimiza aondoke mapema kwa sababu ya foleni ya Likoni, nikamtafuta hamali mwenye mkokoteni. Tulipakia cherehani, pasi, bafta na zile kanzu 9 kwa haraka, tukaifunika mizigo kwa turubai maana mawingu ya mvua za masika yalikuwa yamefunga. Njiani tulipishana na watu waliobeba magodoro na unga. Wengine walikuwa wakiuhama mji na wengine wakiurudia, kila mmoja akitazama saa.

Magharibi ilinikuta ninateremsha mashine mlangoni. Nilifuturu kwa tende na maji nikiwa nimesimama, kisha mama akaniita nikae nile mbaazi. Saa moja ilipopita, Kibokoni ilitulia kabisa.

Saa tatu usiku nilifungua mfuko wa vitambaa ili nipange kazi ya kesho, nikaukuta utepe wa jina la leso ya yule bibi umekunjwa ndani ya bafta. Kwa ile pupa ya kuondoka nilikuwa nimeubeba. Nilimpigia kijana simu amweleze bibi. Mama aliupiga pasi, akauweka kabatini pamoja na leso zake.

Siku 15 zikaongezwa, Idi ikapita tukiwa ndani, na Mji wa Kale haukufunguliwa mpaka tarehe 7 Juni. Kesho yake, Jumatatu, nilikwenda Majengo kabla ya kwenda kazini. Bibi alikuwa barazani amevaa barakoa yake. Aliupokea utepe kwa mikono miwili, akayasoma maneno yote taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akanikaribisha nikae.