Wakili anapoingia siasa za kaunti

Watu wa Pwani tumezoea kuwaona mawakili wakiwania uongozi. Amason Kingi alisomea sheria, akawa mbunge wa Magarini 2007, kisha waziri, akaongoza Kilifi mihula miwili kuanzia 2013, na tangu Septemba 2022 ndiye spika wa Seneti. Issa Timamy aliishika Lamu 2013, akaipoteza 2017, akairudia 2022. Hapa Mombasa, Hassan Omar alikuwa kamishna wa haki za binadamu kabla ya kuwa seneta wetu wa kwanza 2013. Ugavana ameuwania mara mbili, 2017 na 2022, bila kuupata.

Vijana wengi wa sheria wanaitamani njia hiyo wakiamini kwamba ulimi ndio mtaji. Mimi naona mtaji wa wakili ni kuheshimu tarehe na karatasi, na wengi huangukia hapo hapo.

Masomo yanajulikana: shahada miaka minne, mafunzo ya Kenya School of Law pamoja na miezi sita chini ya wakili mzoefu, kisha kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Ukipata leseni ya kwanza, sheria inakutaka ufanye kazi miaka miwili kabla ya kufungua ofisi yako mwenyewe.

Kazi ngumu ni kuifunga ofisi hiyo. Wakili wa kujitegemea halazimiki kujiuzulu popote ili agombee, ila aliyeajiriwa na serikali au kaunti lazima aache kazi angalau miezi sita kabla ya uchaguzi. Ukishaapishwa, Ibara ya 77 ya Katiba inamkataza ofisa wa serikali wa kazi ya wakati wote kushika ajira nyingine ya malipo. Kwa hiyo usafi wa ofisi uanze mapema, kabla ya kampeni kukumeza.

Hatari kubwa ni zile barua za kujifunga. Tuseme unamwakilisha mnunuzi wa kiwanja Nyali. Wakili wa muuzaji amekuachia hati miliki na karatasi za uhamisho kwa sababu umemwandikia kwamba utamlipa salio uhamisho ukishasajiliwa. Ahadi ile ni yako wewe, si ya mteja. Benki ikirudi nyuma au mteja akikwama, wewe ndiye utakayepelekwa Mahakama Kuu na kuamriwa ulipe, hata kama sasa unaitwa mheshimiwa. Zipitie barua hizo moja moja. Zinazoweza kumalizika zimalize, na zinazobaki wakili anayekurithi aziandike upya kwa jina lake, upande wa pili ukikubali. Pesa zilizo kwenye akaunti ya wateja zirudi kwa wenyewe, au zihamishwe kwa idhini yao ya maandishi, na zisikaribiane kabisa na pesa za kampeni. Kesi zilizo mahakamani nazo zinahitaji ilani ya kubadilisha wakili, la sivyo jina lako linabaki kwenye rekodi na hati zinaendelea kuletwa kwako.

Ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, katika uchaguzi wa 2022 ilikuwa shilingi 50,000 kwa ugavana, 20,000 kwa useneta na ubunge, na 5,000 kwa wadi. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walilipa nusu. Mgombea huru wa wadi anahitaji sahihi za wapiga kura 500 wa wadi hiyo, na yeye mwenyewe awe nje ya chama chochote angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Thibitisha mapema kwenye rekodi ya vyama, kwa sababu kuna watu waliojikuta wameandikishwa chamani bila habari zao.

Ukishindwa na ukataka kwenda mahakamani, una siku 28. Kesi ya ugavana wa Mombasa ya uchaguzi wa 2013, kati ya Hassan Joho aliyeshinda na Suleiman Shahbal aliyeshindwa, kila wakili wa Mombasa anapaswa kuijua kwa moyo. Sheria ya Uchaguzi ilisema siku zihesabiwe tangu matokeo yachapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali, na Shahbal akaifuata. Februari 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba: hesabu inaanza siku matokeo yanapotangazwa. Kesi ikafa kwa kuchelewa. Kwa hiyo hesabu kuanzia tangazo la cheo chako. Mwaka 2022 kura ya ugavana wa Mombasa iliahirishwa kutoka 9 Agosti hadi 29 Agosti kwa makosa ya karatasi za kura, basi siku zake zilikuwa tofauti kabisa na za useneta. Ndani ya siku kumi baada ya kuwasilisha kesi, uweke dhamana ya shilingi 500,000 kwa ugavana, useneta au ubunge, au 100,000 kwa wadi.

Ukishinda, jua hesabu ya bunge la kaunti. Theluthi moja ya wawakilishi wakiunga mkono hoja ya kumng'oa gavana, inaingia bungeni, na theluthi mbili wakiipitisha, inapelekwa Seneti, ambako Kingi ndiye anayeongoza vikao siku hizi. Gavana ana haki ya kuwakilishwa kule. Aliye wakili ashawishike vipi, asijitetee mwenyewe. Achukue wakili mwingine, ampe kumbukumbu za vikao, hati za malipo na barua za idara siku ile ile hoja inapowasilishwa, kwa sababu Seneti haisubiri.