Namna nilivyobaini kwamba vidonge vya kifafa vinapunguza kasi ya moyo wa mama

Mama yangu alitumia kabamazepini, dawa ya kifafa, kwa miaka mingi na ilimtuliza vizuri, kwa hiyo alipoanza kuanguka shambani kwetu Tukuyu kila mtu alisema kifafa kimerudi. Muuza duka la dawa alishauri tuongeze dozi, na jirani akasisitiza kwamba vidonge viachwe siku hiyo hiyo, ilhali kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Mama ni mbishi, namshukuru Mungu kwa hilo. Hakumsikiliza hata mmoja.

Mimi nilitilia shaka kwa sababu safari hizi hakukakamaa wala kujiuma ulimi, bali alififia, kisha akazinduka mara moja akiwa na akili timamu. Nikaamua kuhesabu mapigo ya moyo, nikianza na ile programu ya simu ya kuweka kidole juu ya kamera. Ilikuwa Juni, na baridi ya Rungwe mnaijua: vidole vyake viliganda, simu ikatangaza mapigo 138 wakati mwenyewe anasinzia kando ya jiko la mkaa. Tulipovipasha moto ikasema 71, kisha ikakataa kusoma kabisa. Nikaiweka kando, nikachukua daftari na saa yenye mshale wa sekunde. Lakini mama akijua anahesabiwa huanza kuhutubia, na moyo nao hupanda. Basi nikajifanya namkata kucha, huku kidole changu kikiwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Kucha zilipokwisha, nikahamia kumpaka mafuta mikononi. Kabla ya kidonge mapigo yalikuwa sitini na kitu kwa dakika. Saa chache baadaye yalishuka hadi 44.

Kipimo cha kwanza cha umeme wa moyo, kule Mbeya mjini, kilitoka safi, kwa kuwa mama hakumeza dawa kwa kuogopa kutapika kwenye kona za Isongole. Nilifungua daftari, nikaomba kirudiwe baada ya kidonge. Daktari alikubali, na safari hii ilionekana wazi kwamba umeme unachelewa kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, na mpigo mmoja mmoja unapotea. Alieleza kwamba dawa hii hutuliza ubongo kwa kuzuia njia za sodiamu, yaani vijitundu vya seli vinavyopitisha madini hayo ili umeme wa mwili usafiri, na moyo nao hutegemea njia za aina hiyo. Nauli na vipimo vilimeza fedha ya magunia kadhaa ya viazi.

Alianzishiwa valproeti, dawa nyingine ya kifafa, huku kabamazepini ikipunguzwa polepole, na sasa mapigo hayashuki chini ya 60. Juu ya kadi yake nimeandika kwa wino mwekundu kwamba fenitoini na lamotrijini, ambazo pia ni dawa za kifafa, zisitolewe kabla ya kupima moyo, kwani nazo hugusa njia hizo hizo, na mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu lamotrijini kwa wenye maradhi ya moyo.