Nilivyoukausha ukuta wa mawe kwa chokaa

Mzee mwenye nyumba alikuwa ameupaka rangi ukuta wa magharibi mara tatu, na mara zote ikabanduka. Ni nyumba ya wakulima huko Wensleydale, kaskazini mwa Uingereza. Juu ya mlango zimechongwa herufi za majina ya mke na mume walioijenga, pamoja na mwaka, kama ilivyokuwa desturi ya huko karne ya 17.

Nilipogonga maungio kati ya mawe kwa nyundo yakalia kama chuma. Saruji! Fundi fulani alikuwa ameyaziba yote.

Ukuta wa aina hii ni kuta mbili zilizoegemeana, unene kama sentimita 60, katikati umejazwa vipande vya mawe. Mawe marefu hupitishwa kutoka nje hadi ndani ili kuta hizo zisiachane. Mvua ikipiga, maji huingia, hilo haliepukiki. Upepo ukivuma hutoka tena kupitia chokaa ya maungio. Saruji huyafungia humo, nayo hutafuta njia chumbani.

Nyumba inalindwa kisheria, kwa hiyo tuliomba ruhusa kwanza. Mashine ya kukatia niliikataa kabisa, maana hula kingo za mawe na jeraha lile haliponi. Nilitumia patasi, nikachimba kina mara mbili ya upana wa kila ungio, nikalowesha mawe, nikashindilia chokaa sehemu moja kwa mchanga wa chengachenga sehemu mbili na nusu. Ilipoanza kushika niligongagonga kwa brashi ngumu, kisha nikafunika kwa magunia mabichi. Chokaa ikikaushwa na jua upesi hugeuka unga.

Kazi hiyo nilijifunza Lamu kwa babu yangu, aliyechoma matumbawe kupata chokaa. Mzee mwenye nyumba aliposikia alinishika mkono akanipeleka nyuma ya zizi, kwenye tanuri la mawe lililoota nyasi. Wazee wake nao walichoma chokaa pale, ya mashamba na ya kujengea. Nilisimama mbele ya tanuri lile muda mrefu.

Ukuta ulichukua kiangazi chote kukauka. Mwezi Septemba mzee alirudisha kabati lake mahali pake, na harufu ya ukungu ilikuwa imekwisha. Upande wa kaskazini bado una saruji. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 chokaa haishiki na barafu huipasua, kwa hiyo nitarudi Mei.