Mbele Kuna Upepo

Nilikuwa mkimbiaji wa mita 1500 ambaye hakuna aliyemlaumu wala kumshangilia. Nafasi ya nne, ya tano, siku mbaya ya sita. Mbio hizo ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, nami nilikuwa nimejipatia makao ndani yake: katikati ya kundi, nyuma ya migongo ya wenzangu. Kimbinu si ujinga. Anayeongoza ndiye anayepambana na upepo na kupanga mwendo. Anayemfuata hubaki na akiba. Ila akiba yangu sikuwa naitumia. Wenzangu walipokuwa wamejitupa chini baada ya utepe, mimi nilikuwa nimesimama napiga soga.

Kocha aliliona hilo. Jioni ya kuamkia mashindano aliniita pembeni, nikadhani nitagombezwa. Badala yake akanisimulia fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, mwaka 1974. Filbert Bayi wa Tanzania alichukua uongozi mapema, akaliacha kundi, wala hakungoja mzunguko wa mwisho kama walivyozoea wengi. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi mwisho, asimpate. Bayi alimaliza kwa 3:32.2, rekodi mpya ya dunia.

“Na Walker, wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, ile aliyoiweka Jim Ryun mwaka 1967,” kocha akasema. “Unajua ni kwa nini?”

Sikujibu.

“Mbele yake kulikuwa na mtu asiyengoja.” Akanyamaza kidogo. “Haya, wewe kesho utashika nafasi ya ngapi?”

“Ya tano, kocha.” Jibu lilinitoka bila hata kufikiri.

“Mbio hazijaanza, mwanangu, na wewe umeshazimaliza.”

Usiku ule sikupata usingizi, na haukuwa moto wa hamasa. Ilikuwa hofu. Wanaotuhimiza tuishi maisha ya kipekee hawaizungumzii sana hofu hii ya kuonekana. Ukawaida una utamu wake: ukishindwa ukiwa katikati ya kundi, hakuna ajuaye kama ulijaribu. Ukiongoza halafu ukapitwa, uwanja mzima unashuhudia.

Bastola ilipolia nilitoka mbele. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu kiasi cha kunidanganya. Katika wa pili nilisikia vishindo vya viatu nyuma yangu, vingi, vimetulia, vinanisubiri nichoke, na kwa mara ya kwanza nikaelewa wenzangu waliokuwa wakiniongoza miaka yote walikuwa wakibeba nini. Wa tatu sitaki hata kuusimulia. Miguu ilikuwa mizito, kifua kinawaka, na kila hatua sauti moja ikinishawishi nilegeze kidogo tu, watu wapite, nirudi nyumbani kwangu katikati. Kengele ya mzunguko wa mwisho iligongwa nikiwa bado mbele. Walinipita mmoja, wa pili, na mita chache kabla ya utepe, wa tatu.

Nafasi ya nne. Ile ile ya siku zote, mtu angesema. Lakini safari hii nilikuwa chini, uso kwenye njia ya kukimbilia, siwezi kutaja hata jina langu. Mshindi alikuja akaniinua mkono. “Ndugu, leo umetuua,” alisema akihema. Muda wake ulikuwa bora kuliko wowote aliowahi kukimbia, wangu pia.

Kocha alifika na saa yake mkononi. Hakunipongeza. Aliningoja nipate pumzi, kisha akachuchumaa.

“Mzunguko wa tatu umeuonaje?”

“Mbaya, kocha. Mbaya sana.”

“Vizuri,” akasema, huku akiandika kitu kwenye daftari lake. “Jumatatu utafanya mazoezi na kundi la kwanza. Tutaanzia hapo hapo kwenye wa tatu.”