Tando sita kwenye ndoo ya taka

Mwaka 1998, katika maabara moja ya chuo mjini Kampala, nilitupa tando sita kwenye ndoo ya taka. Zote zilikuwa zinafanya kazi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho. Mashine kubwa ya kupimia dawa ilikuwa imelala miezi kadhaa ikisubiri kipuri, basi msimamizi wangu akanipa kazi isiyohitaji pesa nyingi: nitengeneze elektrodi, kijiti cha kuchovya kwenye maji kikasoma dawa kwa umeme, ya kupima klorokwini. Siku zile ndiyo ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba, na hata mtoto aliijua hesabu yake: nne, nne, mbili. Vidonge vinne leo, vinne kesho, viwili kesho kutwa.

Kazi yenyewe niliipenda. Unachanganya klorokwini na tetrafenilborati, kemikali inayong'ang'ania dawa hiyo, majini, vinaganda kama maziwa yaliyokatika. Unachuja, unakausha. Unga ule unauyeyusha pamoja na PVC, plastiki ile ile ya mabomba, na mafuta ya kuilainisha, ndani ya tetrahaidrofurani. (Harufu yake ilinifuata mpaka hosteli.) Unamimina kwenye pete ya kioo, unafunika kwa karatasi ya kuchujia, unaenda kulala. Asubuhi unakuta utando kwelikweli, kama ule wa juu ya maziwa ya moto, ila huu unavutika. Unakata kiduara, unakibandika kwenye mdomo wa kibomba, ndani unatia maji ya dawa na waya wa fedha, kisha unakiloweka usiku kucha.

Kichwani nilikuwa na namba moja tu: 59. Dawa ikiongezeka mara kumi, mita iliyounganishwa na elektrodi ipande milivolti 59. Yangu ilipanda 29. Nikatupa. Utando wa pili, 28. Nikatupa. Nikabadilisha mafuta, nikasugua waya, nikayalaumu maji. Wa sita ukanipa 30, nao ukaenda ndooni.

Katikati ya hayo malaria ikanilaza. Nikameza nne, nne, mbili, nikarudi maabara muwasho ukinila viganja na nyayo, kama klorokwini ilivyozoea kututenda wengi wetu.

Fundi wa maabara alikuwa mzee Mnubi wa Bombo. Mimi ni wa Busia na Kiganda changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili.

"Kijana wangu, mbona unajikuna kama mbuzi mwenye upele?"

"Klorokwini, Mzee. Nimemaliza dozi jana."

"Na unayoipima hapa?"

"Ndiyo hiyo hiyo, ila elektrodi zinakataa."

Akavuta daftari langu, akapitisha kidole kwenye safu ya namba. "Dawa hii ikiwa kwenye maji yenye asidi kidogo, inabeba chaji ngapi za umeme?"

Nikahesabu. "Mbili, Mzee."

"Na 59 yako ni ya chaji ngapi?"

Nikanyamaza. Ni ya moja. Ya mbili ni nusu yake, 29 na kitu. Nernst, Mjerumani aliyetuachia hesabu hiyo, alipewa Nobeli ya kemia ya mwaka 1920, na mimi nilishindwa kugawanya kwa mbili! Nikakimbilia ndoo. Mfagiaji alikuwa ameshapita.

Ulibaki utando wa saba, bado umelowekwa. Niliponda vidonge nilivyonunua duka la dawa, nikapima, nikapata karibu kabisa na zile miligramu 150 zinazotakiwa kwa kila kidonge. Mzee hakuonekana kushangaa.

"Sasa lete mkojo wako. Dawa si unayo mwilini?"

Nikaleta, kwenye chupa ya soda. Nikaweka bafa ya pH 5, maji ya kushikilia asidi isibadilike, nikatumbukiza elektrodi. Namba zikapanda, zikatulia juu. Nilitaka kupiga kelele.

"Mkojo wa asiyemeza uko wapi?" akauliza.

Sikuwa nao. Akatoka, akarudi na kichupa, akakiweka mezani bila neno. Nikapima. Namba zikapanda tena, safari hii kidogo tu, lakini zikapanda, na mzee hakuwa amegusa klorokwini.

"Potasiamu ya mkojo, nayo inaidanganya elektrodi yako," akasema, akaenda kuswali alasiri. Nikabaki na chupa mbili za mkojo na elektrodi moja, nikijikuna.